Yowe Langu kwenye Simu ya Wifi

Niseme mapema, asije mtu akahangaika kunitetea: mimi nina wivu. Si wivu wa mume. Mume wangu ni mtu mwema, lakini anakoroma na hajui kucheka, na sijawahi kuona mwanamke anayemvizia. Wivu wangu ni wa sauti, na ninayemwonea ni wifi yangu, kitindamimba wa mama mkwe, ambaye mimi mwenyewe nilimbeba mgongoni nilipoolewa kwao.

Kijiji chetu kiko kando ya lami, kati ya Issuna na Mkiwa. Tunalima alizeti na vitunguu, tunafuga kuku, na tunachopata tunakiuza palepale barabarani kwa abiria na madereva wa malori. Jambo kubwa likitokea kwetu, linatangazwa kwa yowe. Ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, fisi kaingia zizini: mmoja anapiga yowe, na kila anayelisikia anaacha alichoshika na kuja. Asiyekuja anatozwa mbuzi. Anayepiga yowe la uongo anatozwa vilevile, na watu hawamwamini tena hata akisema mvua inanyesha huku wamelowa. Lakini yowe lina sehemu ya pili, ambayo wageni hawaijui. Mambo yakiisha, yuleyule aliyelipiga hulilaza. Anatoa sauti nyingine, ya chini, ndefu, kama anayembembeleza mtoto mkubwa, ndipo watu wanarudi makwao. Yowe lisipolazwa hakuna anayeondoka, na anayeondoka anahesabiwa kama hakuja.

Mpiga yowe wa kwetu alikuwa mama mkwe wangu. Alipoanza kukohoa, watu walidhani kazi hiyo atamwachia binti yake, huyo wifi yangu. Masikini binti, alikuwa na sauti ya kuomba chumvi kwa jirani. Siku moja mama mkwe alinipandisha juu ya majabali yaliyo nyuma ya nyumba, akaniambia nipige. Nikapiga. Ng'ombe waliokuwa upande wa pili wa bonde waliinua vichwa vyote, na wanaume wawili walifika mbio na mashoka kabla hatujashuka, ikabidi nililaze siku hiyohiyo. Mama mkwe alisema kwa Kinyaturu kwamba sauti haiangalii ukoo. Wifi yangu alikuwa msichana mdogo wakati huo, alisimama chini ya jabali akituangalia, akageuka akaenda kuchota maji.

Kwa hiyo mimi sikuwa na cheo chochote kijijini, sikuwa hata mweka hazina wa kwaya, lakini nilikuwa na hilo. Nikifungua mdomo, kijiji kizima kinasimama. Wapo wanawake wenye nyumba za bati pande zote na waume wanaocheka, na hawana kitu kama hicho. Nilikipenda kuliko nilivyojua.

Wifi alikua, akaenda Dodoma, akarudi na nywele za bandia na simu kubwa. Alifungua kibanda cha kutuma na kutoa pesa karibu na meza zetu za vitunguu, akaweka na spika ya kupigia muziki. Kutwa alikuwa anaitazama simu hiyo, akicheka peke yake, akisema amerusha hiki, amejibiwa kile, ana watu wangapi wanaomfuata. Mimi nilikuwa na kitochi changu cha kupiga na kupokea. Nilimuuliza siku moja hao wanaomfuata wanamfuata kwenda wapi. Alicheka akasema, wifi, wewe baki na vitunguu vyako.

Nikabaki navyo. Ila mwaka huo hata vitunguu vilikuwa mashakani. Tulitangaziwa kwamba meza za barabarani zote zitaondolewa, na sisi tuhamie kwenye soko jipya lililojengwa bondeni, mahali pazuri kweli, pana sakafu na choo, isipokuwa hakuna basi hata moja linalopita huko. Utamuuzia nani kitunguu bondeni, ambako kila mtu anavyo shambani kwake? Bila lami hatuna ada za watoto, hatuna dawa, hatuna kitu. Mikutano ilikuja na kupita. Kwenye kila mkutano nilisimama nikasema, na kila mara niliambiwa nimeeleweka, nikae.

Halafu asubuhi moja greda likaja. Liliegesha upande wa meza za kuku, na dereva wake akashuka kununua chai kwa mmoja wetu, kijana wa watu, hata yeye alionekana kuona aibu. Baadaye likaja gari la wakubwa, dereva akaambiwa apande. Nilipoona greda linawashwa sikumuuliza mtu. Nilipanda juu ya majabali, nikajaza kifua, nikapiga yowe.

Sijawahi kupiga vile na sidhani kama nitapiga tena. Ndani yake kulikuwa na mikutano yote ile niliyoambiwa nikae. Watu walitoka mashambani na majembe, wanawake walitoka na miko ya ugali, fundi baiskeli alikuja na gurudumu mkononi. Walikaa chini mbele ya greda, kimya, na wengine wakaendelea kuja. Dereva alizima injini. Wakubwa walipiga simu, wakazungumza pembeni, wakaondoka wakisema watarudi kuongea. Jioni nililaza yowe, watu wakaenda kula, nami nikalala nikijiona nimefanya kazi ya maisha yangu.

Kesho yake nilipeleka madumu ya mafuta ya alizeti Singida mjini, kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka, ambaye baba yake alinunua mafuta kwa baba mkwe wangu. Ni mtu wa maneno machache. Siku hiyo aliniona, akaacha mizani, akachukua simu yake.

"Mama, hiki si kijiji chenu?"

Akanionyesha. Lilikuwa greda letu. Mbele ya greda alionekana wifi yangu, uso mzima, ameshika simu mbele yake, mdomo wazi, macho yamejaa machozi. Na juu ya picha hiyo, kutoka mwanzo hadi mwisho, lilikuwa yowe langu. Mimi sikuwemo hata unywele. Nilikuwa juu ya majabali, upande ambao simu haikuutazama. Ukimtazama wifi na mdomo wake ule, na ukasikia sauti ile, ungeapa kwa vitabu vyote kwamba inatoka kwake.

"Mke wangu amelia," akasema yule mzee. "Huyu dada ana sauti. Mnamjua?"

Nikasema tunamjua. Nikapokea hela yangu, nikatoka, nikasahau kununua sukari.

Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Wangu aliwika mjini, tena sana, lakini kwenye banda la mtu mwingine. Kwenye kituo cha mabasi nilimsikia akiwika kwenye simu ya mkata tiketi. Ndani ya basi alikuwa kwenye simu ya mama mmoja mwenye mtoto, na mtoto alikuwa analia kwa kuogopa. Yule mama akasema kwa abiria wote kwamba huyu binti wa vitunguu ni shujaa, wanawake tungekuwa kumi kama yeye nchi hii ingenyooka. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilitamani kufungua mdomo niwapigie humohumo ndani ya basi, wajue.

Nilipofika nilimkuta wifi amezungukwa. Picha yake ilikuwa imeingia kwenye makundi yote ya kwenye simu: kundi la ukoo, la kwaya, la wauza vitunguu, la madereva wa malori, na makundi ya watu wa Dar es Salaam ambao hawajui hata Mkiwa iko upande gani. Walikuwa wanamwandikia kutoka kila mahali. Wengine walisema na wao wanahamishwa barabarani, wafanyeje. Sitamsingizia. Hakuwahi kusema kwamba sauti ni yake. Lakini hakuwahi kusema si yake pia, na mtu akimsifia sauti aliinamisha kichwa kama bibi harusi. Kijijini kila mtu alijua ukweli, ila kijiji ni nyumba chache na simu ni nchi nzima. Nilimsalimia mbele za watu, nikaenda nyumbani, nikamkaripia mume wangu bila sababu.

Wakubwa walirudi kweli. Safari hii walikuja na viti, wakakaa nasi. Nasema haki: mkubwa wao alikuwa mtu wa kusikia. Alikubali tubaki barabarani, mradi tusogeze meza nyuma ya mtaro, na akaomba kitu kimoja tu, umati utawanyike, maana naye ana wakubwa wake na wote wanatazama simu. Tukakubaliana. Mimi nilidhani umati umeshatawanyika, kwa sababu nilishalilaza yowe kwa kinywa changu.

Lakini kwenye simu halikuwa limelazwa. Wifi alirekodi mwanzo tu. Nilipolilaza jioni ile yeye alikuwa kibandani anajibu ujumbe. Kwa hiyo yowe lilikuwa bado linatembea, na kila lilipofika lilikuwa jipya. Mtu wa Issuna aliyenunua bando Jumamosi, yowe lilimfikia Jumamosi. Naye ni mtu wa kwetu, kalelewa na yowe, anajua asiyekuja anatozwa mbuzi. Akachukua fimbo akaja. Walikuja kwa bodaboda, walikuja kwa miguu, na vijana wa Shelui walikuja wamejaa kwenye lori la mizigo, wakiuliza greda liko wapi. Tukiwaambia yamekwisha, tunawashukuru, walitutazama kwa mashaka. Mzee mmoja wa Issuna alikaa kwenye gunia la vitunguu vyangu, akaweka fimbo magotini, akasema yeye ameitikia yowe na hajasikia likilazwa. Nilimwambia kwamba nililipiga mimi na nikalilaza mimi. Alinipima kwa macho akasema aliyelipiga amemwona kwa macho yake kwenye simu ya mjukuu wake, ni binti mdogo tena mwembamba, nisimchezee.

Jioni vijana wa Shelui walikosa cha kufanya, wakaviringisha mawe katikati ya lami. Mabasi yakasimama pande zote mbili. Polisi wakaja, wakaongea nao kwa upole mwanzoni. Mkubwa yule tuliyekubaliana naye alirudi na uso mwingine kabisa. Alisema asubuhi akimkuta mgeni hata mmoja pale barabarani, makubaliano hayapo, na greda litarudi na watu wa kulilinda.

Wifi akaandika kwenye simu kwamba yamekwisha, rudini makwenu. Wakamjibu: maandishi hata aliyekamatwa anaweza kulazimishwa kuandika. Akarekodi sauti, akajaribu kulilaza yowe mwenyewe. Niliisikia baadaye. Ilikuwa ileile ya kuomba chumvi. Sasa ndipo watu walipochacha kabisa. Walisema huyo anayeongea siye, dada wa yowe amekamatwa na ameletwa mwingine kumwigiza, na wote wenye damu waje kumkomboa. Malori mengine yakaanza safari.

Nilikuwa jikoni napepeta uwele alipokuja. Alisimama mlangoni, si kama mtu mwenye wafuasi.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba."

Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akanieleza yote, ingawa yote nilikuwa nayajua, na akasema hawatarudi mpaka wasikie sauti ileile. Nikaendelea kupepeta. Nilisikia raha, sitaficha. Siku zote zile nilikuwa nimeingoja saa hiyo, hata kabla sijajua itakujaje.

"Nitalilaza," nikamwambia. "Lakini geuza simu yako huku. Nionekane mimi, na useme mwenyewe kwamba sauti ni ya nani."

Akaigeuzageuza simu mapajani. Nilidhani ni uroho wa sifa unamfunga mdomo. Halafu akasema neno ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Nikisema leo kwamba si mimi, watasema hata lile la kwanza lilikuwa la uongo. Watasema tuliigiza. Wakubwa nao watasema hivyohivyo. Yowe la uongo unajua linavyokuwa, wifi. Nani atatuachia lami kwa yowe la uongo?"

Nilitafuta tobo kwenye maneno hayo na sikuliona. Nililitafuta kwa bidii zote. Mzee wa Issuna alikuwa ameshanipa jibu lake juu ya gunia langu mwenyewe. Nilimtazama wifi, nikamwona yule mtoto aliyesimama chini ya jabali, na nikajua na yeye anaikumbuka siku ile, kwa maana alikuwa anatazama sakafu.

"Mama alikupa wewe," akasema. "Mimi sikuombwa hata kujaribu."

Hasira yangu ilikuwa haijaisha na sikutaka aipunguze. Niliweka ungo chini, nikajifunga khanga vizuri. Tulipanda kwenye majabali pamoja. Yeye alisimama mbele, ameinua simu, uso wake peke yake kwenye kioo. Mimi nilisimama nyuma yake, karibu sana, hadi nywele zake za bandia zilikuwa zinaniwasha kidevuni. Alifungua mdomo, nami nikalilaza yowe.

Sauti ilikuwa ya chini na ndefu, kama nilivyofundishwa. Barabarani kule chini, mzee wa Issuna alisimama kabla hata haijaisha, akajikung'uta maganda ya vitunguu. Wengine walisikia kwa masikio, wengine kwenye simu, na malori yaliyokuwa njiani yaligeuza. Vijana wa Shelui waliyatoa mawe yao wenyewe. Asubuhi mkubwa wetu alikuta barabara nyeupe na sisi tunasogeza meza nyuma ya mtaro.

Tupo hapo mpaka leo. Wifi ni mwenyekiti wa wauzaji. Redio ya mjini ilimhoji, na walipomwomba atoe kidogo tu lile yowe, alisema kwa adabu kwamba yowe halipigwi kwa kuchezea, wakamsifu kwa hekima. Nilikuwa namsikiliza kwenye redio ya mume wangu, naye akasema dada yake kajibu vizuri. Nilimnyima mboga. Abiria wanashuka wananiuliza yule dada wa yowe ni yupi, nami namwonyesha kwa kisu cha vitunguu. Wengine hununua kwangu baada ya kupiga naye picha. Mtu atasema basi si umepata lami yako, unalia nini? Lami ninayo. Silii. Nina wivu, na nimeshasema.

Ila wivu huo umehama, na huku ulikohamia hauna dawa. Kiangazi kilichopita, wakati wa vumbi, nyumba ya fundi baiskeli ilishika moto mchana. Niliuona moshi kabla ya mtu yeyote. Niliacha vitunguu nikakimbilia majabali, na nilipofika nusu kifua kilikuwa kimeshabana, nikaanza kukohoa kama mama mkwe alivyokuwa akikohoa. Nilikuwa bado nimeinama pale, nikivuta pumzi, niliposikia yowe. Lilitoka kwenye spika ya kibanda cha wifi. Lilikuwa langu, lile la greda, zima kabisa, halina kikohozi wala vumbi. Watu walianza kutoka mashambani. Namwonea wivu huyo mwanamke wa kwenye spika. Hazeeki.

Nikateremka. Anayesikia yowe lazima aende, na mimi nilikuwa nimesikia. Nilipokea ndoo, nikasimama kwenye mstari na wenzangu, tukauzima moto ukiwa umekula paa tu. Ulipokwisha, hakuna aliyenigeukia. Wote waligeuka upande wa kibanda, wakangoja. Wifi alibonyeza, nayo ile sauti ya chini ikatoka, ndefu, ikiwaambia watu wanaweza kurudi makwao.

Nami nikaweka ndoo chini, nikarudi kwangu.